Boti ya Mbao ya Zamani: Linda Umbo Kwanza

Boti nyingi za mbao zenye injini hufia bandani, mikononi mwa mtu aliyeng'oa mbao kwa pupa. Ukivua ubavu na mataruma (mbavu za ndani za boti) kwa mkupuo mmoja, mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, unapinda na umbo halirudi. Kwa hiyo egemeza boti kwanza: uzito wote ukae juu ya mkuku, nguzo za ubavuni ziizuie tu isilale. Vuta uzi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) uone umbo likianza kupinda, na uubakize hapo mpaka kazi iishe. Taruma badilisha moja, ruka mbili, kisha urudi kwa zilizobaki.

Uozo usiutafute chini tu. Maji ya mvua yanayopenya kutoka juu huharibu kuliko ya chumvi, hivyo dunga kwa bisibisi kwenye pembe za madirisha, vichwa vya mataruma, ukingo wa sitaha na ubao wa tezi. Chomoa pia skrubu chache chini ya usawa wa maji. Zile za shaba nyeupe (brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki) hupoteza zinki. Ukiona zimegeuka rangi ya waridi, weka za bronzi, saizi moja juu, maana matundu yameshapanuka. Taruma jipya lipikwe kwa mvuke saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na likitoka likunjwe papo hapo. Ubao wa milimita 20 uunge kwa mshazari wenye urefu usiopungua milimita 160.

Kwenye kalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao kwa pamba, tulia. Mbao zilizokaa nchi kavu zimesinyaa. Ukishindilia pamba kwa nguvu zote, zikifika majini zitavimba, zikose nafasi, zing'oe skrubu au zivunje mataruma. Shindilia kiasi, paka rangi juu ya pamba, kisha jaza puti laini inayoweza kusukumwa nje. Wala usiivike boti faibaglasi: mbao zinaendelea kucheza, gamba linabanduka na unyevu unanaswa ndani.

Siku ya kushusha boti majini, iache kwenye mikanda ya kreni usiku kucha, na pampu mbili ngamani (chini ndani ya boti), kila moja na betri yake. Maji yataingia, yatapungua kadiri mbao zinavyovimba. Ekseli ya rafadha ilinganishwe na injini siku kadhaa baadaye, boti ikielea, kwa kuwa mkao wake majini si ule wa nchi kavu. Pima mwanya wa kapulingi, kiungo cha ekseli na injini, pande nne: kwa kapulingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Ikizidi, mtetemo utakula beringi na kulegeza mataruma mapya.