Aiskrimu ya maharage mekundu: chenga za barafu zinatoka wapi

Dada wa Nyakato, uliuliza kwa nini aiskrimu yako ya maharage mekundu inatoka na chenga za barafu: hizo ni maji yaliyobaki kwenye maharage. Wajapani huitengeneza kwa azuki, maharage madogo mekundu ya kwao. Hapa Mwanza chukua maharage mekundu madogo, gramu 200. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha maharage kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, maana maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha. Punguza moto hadi yabonyee kwa vidole bila kiini kigumu. Hapo ndipo utie sukari gramu 200 na chumvi kidogo. Ukiitia mapema, maharage hayalainiki tena vizuri, hata uchemshe hadi jioni.

Ponda, acha machache mazima, kisha kaanga rojo hilo kwa moto mdogo. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikibaki wazi sekunde mbili tatu, maji yametosha kukauka. Usipunguze sukari, ndiyo inayozuia aiskrimu isigande kama jiwe. Poza kabisa, changanya na tui zito la kwanza nusu lita, weka friza. Kila nusu saa koroga kwa uma, mara nne au tano, ukikwangua pembeni kunakoganda kwanza.

Na kama friza hiyo ina sato au dagaa, tafadhali tumia chombo chenye mfuniko wa kubana. Mafuta ya tui hushika harufu ya samaki haraka sana.