Mwanangu, soma, na dawa umeze

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Unasema tangu tumzike baba yako unafungua Biblia kila usiku, unasoma, unaifunga, na moyo unabaki mkavu vilevile. Tena kuna mtu wa maombi amekwambia dawa ulizopewa hospitali ni dalili ya kukosa imani. Unaniuliza: hili Neno linaponya kweli, au tunajifariji tu?

Naanza na huyo mtu wa maombi, maana amenikera. Mwambie asome Isaya 38 mpaka mwisho. Mfalme Hezekia, mgonjwa wa kufa, aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa, sura moja. Akimaliza asome 2 Timotheo 4:20. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, alibaki mji wa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha pale ni Paulo mwenyewe, yuleyule ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Hatusomi popote kwamba alimlaumu Trofimo kwa imani haba. Na Luka, mwenzake Paulo mwingine wa safari, alikuwa tabibu! Vidonge meza, kliniki nenda.

Sasa huo ukavu. Naona unatafuta mstari wa kukutuliza upesi, kama ile inayotumwa kwenye simu asubuhi ikiwa na picha ya maua. Ni ya kweli, lakini mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula humwekei pilau, unampa uji kidogo kidogo. Mimi mwenyewe Zaburi ya 23 ilinishinda, kwa kuwa ndiyo iliyosomwa kaburini. Nikifika kwenye uvuli wa mauti koo linaziba. Nikaiacha, nikahamia ya 88.

Zaburi nyingi za kulia hugeuka mwishoni. Ya 13 inaanza na "hata lini", na kabla mistari sita haijaisha mtu anaimba. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuitupa. Niliposoma kwa sauti nikaona walau kuna mtu asiyeniambia "jikaze", neno ambalo msibani nililisikia mpaka likanichosha. Na katika Biblia ya baba yako, ile aliyoijalidi kwa karatasi ya kalenda, pembeni ya zaburi hiyo pana maandishi ya penseli: jina la mdogo wake aliyetangulia, na tarehe. Basi. Miaka yote hiyo hakuniambia.

Kisha nenda 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, malkia Yezebeli ameapa kumuua, naye Eliya amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa tu: "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, wala hakukemewa kwa kulala. Malaika akaja mara ya pili, chakula tena. Mungu kumuuliza "Unafanya nini hapa?" kulikuja baadaye sana, kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Wewe unasoma saa sita za usiku, umechoka, tumboni una chai ya kazini, halafu unashangaa husikii kitu?

Kula kwanza, ulale. Soma alfajiri, zaburi moja kwa wiki nzima, kwa sauti, bila kuwinda chochote. Siku ikikushinda, acha. Sisi wa jumuiya tutakusomea huku.

Unauliza kama linaponya. Kwangu, usingizi umeanza kurudi, na hasira niliyokuwa namwagia dada zako sasa namwambia Mungu mwenyewe, kama Zaburi zinavyofanya. Kiti cha baba yako bado ni kitupu, na hakuna sura iliyonizibia hilo.

Jumapili tukitoka ibadani nitakupigia tusome habari za Eliya pamoja. Nitumie tarehe ya kliniki, nije nikae nawe siku mbili tatu. Ndizi mshare nimezipakia kwenye basi la kesho asubuhi. Mpigie kondakta mapema zisiive stendi.

Mama yako