Kwa nini namba ya kwanza kwenye mchezo wa pesa (upatu, watu wanachanga na kupokea zote kwa zamu) hugombewa wakati kila mtu anapata sawa?

Kiasi ni kilekile, ila muda haulingani. Chukua mchezo wa watu 10, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi. Wa kwanza anapokea 500,000 akiwa ametoa 50,000 tu: amekopeshwa 450,000 bila riba, anazirudisha kwa miezi 9. Wa mwisho ndiye mkopeshaji, na bei za dukani zikipanda, laki tano yake inanunua vitu pungufu. Mchezo huvunjika pale aliyekwisha kupokea anapoacha kutoa, ndiyo maana kijumbe (msimamizi wa mchezo) makini humpa mgeni namba za mwisho. Kupiga kura ya kugawa namba kunamaliza ugomvi, lakini hakumzuii mtu kutoroka. Mzunguko unaofuata, geuzeni namba: wa mwisho aanze.