Programu ya hisia na mshauri wako

Dada, umeuliza kama programu ya kurekodi hisia inatosha, uache kwenda kwa mshauri nasaha. Usiache. Itumie kati ya miadi: hofu ikikupanda saa nane usiku, andika palepale ulichokuwa unawaza na mwili ulivyohisi, halafu umwonyeshe mshauri. Ukisubiri hadi siku ya miadi, nusu utakuwa umesahau. Ujerumani, tangu 2020, daktari anaweza kukuandikia programu kama anavyoandika dawa na bima ikalipa, ila ni zile zilizoidhinishwa tu. Hizi za bure, soma masharti. Baadhi hugawa taarifa zako kwa watangazaji. Na zima arifa! "Huzuni yako ikoje leo?" ikitokea kwenye skrini mbele ya mama mkwe, utajieleza mpaka uchoke. Mawazo ya kujidhuru yakija, mpigie mtu.