Windows 7 ya biti 32 inagoma VirtualBox

Swali: Shikamoo kaka fundi. Mi nina steshenari hapa Mikindani, kompyuta yangu ni Windows 7 ya biti 32, ramu 2GB, nataka kujaribu mfumo wa Linux bila kufuta chochote maana kazi za wateja zote zimo humo, ila VirtualBox niliyodaunlodi, ile programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya Windows, inakataa kabisa kuinstolu. Shida nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umechukua toleo jipya, na kuanzia 6.0 hawa jamaa waliachana na kompyuta za biti 32, kwahiyo tafuta 5.2 kwenye tovuti yao wenyewe, sehemu ya matoleo ya zamani, usichukue kwenye flashi ya mtu, virusi vya hapa mjini tunavijua. Halafu restati uingie baiosi (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe vachualaizesheni, uwezo wa prosesa kusaidia kuendesha mfumo ndani ya mwingine, kama prosesa yako inayo. Ramu ndo mtihani: ipe Linux MB 512 tu, chagua distro (yaani toleo la Linux) nyepesi ya biti 32, ukigawa nusu kwa nusu zote mbili zitatambaa kama konokono. Na kopi kazi za wateja pembeni kwanza, maana Windows 7 haipati masasisho ya usalama tangu Januari 2020.