Ukuta juu ya jiko la kuni haushikiki: je, waya zilizomo ndani ziko salama?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepachika jiko la chuma la kuni ndani ya meko yetu ya zamani ya matofali, lile lenye mlango wa kioo na feni ya kusukuma hewa ya moto sebuleni. Ndani ya ukuta, juu kidogo ya mdomo wa meko, inapita kebo ya soketi ya televisheni. Soketi ya feni iko ndani ya tundu la meko, nyuma ya jiko. Moto ukiwaka saa mbili tatu, ukuta pale juu haushikiki, na kifuniko cha soketi ya televisheni kimeanza kugeuka manjano. Fundi umeme alipima mzigo, akaangalia breka, akasema hakuna shida kwa kuwa feni inakula wati 90 tu. Niendelee kuwasha?

Jibu: Ndugu yangu, usiwashe kwanza. Acha jiko lipoe, kisha zima breka ya soketi hizo mbili na usiirudishe mpaka kebo ikaguliwe.

Fundi wako alichopima amekipima sawasawa. Wati 90 kwenye umeme wa volti 230 hazifiki hata nusu ampea, na ndiyo sababu breka haitaruka. Breka hufuatilia mkondo unaopita kwenye waya. Haina namna ya kujua kwamba waya huohuo, mita chache mbele, umelazwa kwenye ukuta unaopashwa na moto wa kuni. Hata kile kifaa kinachokata umeme unapovuja huruka pale tu uvujaji unapoanza, yaani ganda la waya likiwa limekwisha kuharibika. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: pale kebo inapopita, joto ni nyuzi ngapi?

Kebo nyingi za majumbani zina ganda la plastiki ya PVC, na kikomo chake ni nyuzi 70 za Selsiasi. Hicho ni kikomo cha joto la shaba yenyewe, ukijumlisha joto la mazingira na lile linalotokana na mkondo. Jedwali za IEC 60364, kiwango cha kimataifa cha nyaya za umeme za majengo, huanzia hewa ya nyuzi 30. Hewa ikifika 50, kebo ya PVC inaruhusiwa kubeba asilimia 71 tu ya uwezo wake. Ikifika 60, nusu. Ikifika 70 hakuna kilichobaki, hata kama unawasha taa moja.

Sasa tazama ukuta wako. Mkono huanza kushindwa kutulia juu ya kitu kinapokaribia nyuzi 50 hivi. Lakini uso wa plasta ndio upande wa baridi! Moto uko nyuma yake na kebo iko katikati, hivyo kebo ina joto kuliko unalolihisi kiganjani. Kile kipimajoto cha kuelekeza kama tochi hakitakusaidia hapa, maana husoma uso tu. Fundi azime umeme, afungue soketi, aingize kipimajoto cha waya hadi ndani ya boksi, akiache humo moto wa majaribio ukiwaka kwa saa kadhaa. Asikitoe moto unapofifia: matofali hutunza joto, na kilele mara nyingi huja baadaye, feni ikiwa imeshasimama.

PVC inayopashwa hivyo haiungui mara moja. Ikiwa na joto hulainika, na kwenye kona au chini ya kibanio shaba huzama polepole kuelekea waya wa jirani. Miezi ikipita, vilainishi vilivyomo hutoka, ganda hukauka na kupasuka linapokunjwa. Ndiyo maana nasisitiza fundi asiivute kebo hiyo kwa nguvu anapofungua soketi. Apime ukinzani wa ganda, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500. Chini ya megaohmu 1 haikubaliki. Hata ikifaulu, mimi ningeitoa kama ganda limekakamaa au limebadilika rangi.

Umanjano wa kifuniko nao usomwe vizuri. Ukizunguka matundu ya plagi, shuku skrubu iliyolegea. Ukienea upande wa chini unaoelekea meko, ni joto la jiko. Ukisikia harufu kama ya samaki, plastiki ya soketi inapikika.

Pengine unajiuliza mbona meko ya wazi haikuwa na tatizo hili. Meko ya wazi hufyonza hewa nyingi ya chumba na kuipeleka juu pamoja na joto. Jiko lililofungwa hubana hewa, hushika joto kwenye chuma, kisha hulitoa mbele na juu. Kama nafasi kati ya bomba la moshi na matofali haikuzibwa kwa bamba la chuma na pamba ya madini, joto hupanda moja kwa moja nyuma ya plasta. Kagua hapo kabla ya kununua kebo yoyote. Na kama ndani ya ukuta huo kuna mbao, mjulishe mtaalamu wa dohani leo, kwa sababu mbao zinazopashwa miaka mingi huweza kushika moto kwa joto la chini kuliko mbao mpya.

Kuhusu kebo, dawa ya kwanza ni umbali. Ya televisheni ihamishwe, ipite pembeni kabisa mwa dohani, wala isiingizwe kamwe ndani ya dohani au kando ya bomba la moshi. Soketi ya feni itoke kwenye tundu, iwekwe pembeni, chini, mahali panapofikika kwa mkono jiko likiwaka. Kipande kifupi kinachoingia kwenye feni ndicho kiwe cha silikoni, inayostahimili nyuzi 180, kikiwa ndani ya soksi ya nyuzi za kioo kwa kuwa silikoni hukatika kirahisi. Kiungio kati yake na kebo ya kawaida kikae sehemu ya baridi, kwani shaba huleta joto pamoja nayo. Mwili wa jiko uunganishwe na erthi.

Utakapoanza kuwasha tena, umeme ukikatika moto ukiwa mkali, feni husimama na joto hubaki ndani. Punguza hewa ya jiko, usiongeze kuni. Vilevile usichomoe feni unapokwenda kulala. Swichi yake ya joto itaizima yenyewe jiko likishapoa.

Televisheni pia ipimwe pale ilipo: nyingi zimeandikiwa kikomo cha hewa ya nyuzi 40. Ikizidi hapo, ihamie ukuta mwingine.