Shangazi, baba anataka kuuza mikorosho ili nikasome Mlimani

Barua imetoka Tandahimba, ni ndefu, nimeifupisha. Binti ana miaka 20, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu), kapata nafasi vyuo viwili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na TIA, yaani Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi ya Mtwara, kote uhasibu. Mlimani kapiga hesabu mwenyewe kwenye daftari, ada, hosteli, kula na nauli, ikamjia milioni 4 na ushee kwa mwaka. Mtwara mjini ana mama mdogo anakaa Magomeni, angelala kwake, hesabu inashuka chini ya milioni 2. Mkopo kaomba, majibu bado. Baba mtu anasema anauza eka mbili za mikorosho, mnunuzi yupo, anatoa milioni 4 na nusu. "Shangazi, ni ndoto yangu tangu mdogo, na mwisho wa kuthibitisha chuo ni Ijumaa, nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nimeshika kalamu kabisa, na unajua nimekuta nini? Mlimani umeitaja mara kumi na moja. Uhasibu mara moja. Sikusemi kwa ubaya, hata mi nilikuwa na umri huo, lakini hebu liangalie hilo kwanza kabla hatujafika kwenye pesa.

Maana ile habari ya noti imenigusa kweli. Umesema ulipokuwa mdogo baba alikupa noti ya 500, enzi zile kabla haijawa sarafu, ukamuuliza hii nyumba gani nyuma huku, akakwambia hapo ndo Nkrumah, ukumbi wa Mlimani, wanasoma watu wenye akili, na wewe utasoma hapo. Sa hiyo ndoto ni ya nani? Yako ni nusu, nusu ya mzee. Ndo maana anataka kuuza shamba bila hata kulala nalo usiku mmoja. Ni upendo, sibishi, ila upendo nao una daftari lake.

Haya tufungue daftari. Milioni 4 na nusu inalipa mwaka mmoja. Mmoja tu! Shahada yako ni miaka mitatu. Mwaka wa pili mtauza nini, na wa tatu? Alafu kile mnachouza ndo kilekile kinacholeta hela kila mwaka. Eka mbili, umesema mikorosho hamsini na kitu, tufanye hamsini. Mkorosho uliopuliziwa dawa ya salfa vizuri, tufanye unatoa kilo 10, mi siweki nyingi. Hizo ni kilo 500. Bei usipige ile ya mnada wa 2024 iliyovuka 4,000 watu wakachinja mbuzi, piga 2,500. Inakuja 1,250,000, toa makato ya chama na gharama za kupalilia na kuokota, bado kuna hela ya maana hapo kila msimu, na utakuja kuhitimu mikorosho bado imesimama. Na ukishauza, wewe mwenyewe mtoto wa Tandahimba unajua mkorosho unakaa miaka mingapi mpaka uanze kuzaa vizuri.

Nina binamu yangu, mtoto wa mjomba, yeye alienda Dar kusoma, chuo sikitaji, na mpango ulikuwa huohuo, korosho italipa. Mwaka wa kwanza ikalipa. Msimu uliofuata bei ikawa ya kulia na malipo yakachelewa, mnada umepita watu wanakaa wanaangalia simu tu hela haiingii, huku chuo kinataka ada ndo aruhusiwe mtihani, akawa analala kwa kubebana kwenye kitanda cha rafiki yake, anakula mara moja kwa siku, mwisho akaahirisha mwaka akarudi nyumbani "kwa muda". Huo muda mpaka leo haujaisha. Anaendesha boda, ni mtu mzuri tu hana shida, ila ukimgusia chuo anabadilisha mada. Hakushindwa masomo yule. Alishindwa mwezi wa pili wa muhula wa tatu.

Ndo maana mi nakuuliza swali tofauti na lako. Chuo kipi kizuri hilo tunajua wote. Swali langu ni hili: mkopo usipotoka, Novemba ya mwaka kesho utakuwa umekaa wapi? Ukiwa Mtwara una jibu, utakuwa kwa mama mdogo unakula ugali na unaenda darasani. Ukiwa Mlimani huna jibu, una dua tu.

Na hapa kuna kitu sijui kama wamekwambia shuleni. Mhasibu hamalizwi na chuo. Ukishapata shahada bado kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ile ya kupata CPA, cheti cha mhasibu kamili, inafanyika Mei na Novemba, na huko karatasi ni moja kwa wote, aliyetoka Mlimani, aliyetoka Mzumbe, aliyetoka Mtwara, wote wanakaa wanakuna kichwa juu ya swali lilelile la kodi. Mwenye CPA haulizwi sana alilala hosteli gani. Ungekuwa umeniandikia unataka udaktari au uhandisi ningeongea mengine kabisa, maana hapo Mtwara usingekuwa na pa kuponea. Ila uhasibu, mwanangu!

Sikudanganyi kwamba ni sawasawa. Mlimani ina maktaba, ina watu kutoka kila kona ya nchi, na Dar ndo kwenye makao makuu ya mabenki, kutafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huko ni rahisi kuliko huku kwetu. Utavikosa hivyo, na itakuuma ukiona wenzako wanaweka stetasi wamesimama mbele ya Nkrumah. Itauma mwezi mzima. Hosteli wanayolala wengi inaitwa Mabibo, wewe huku utakuwa unakanyaga mabibo yenyewe ya mikorosho, cheka kidogo.

Kwa hiyo mi ningekuwa wewe Ijumaa ningethibitisha Mtwara. Shamba lisiuzwe. Na mkopo usiuache eti kwa vile upo karibu na nyumbani, bodi ya mikopo inatoa kwa awamu, jina lisipotoka awamu ya kwanza usizimie, subiri zinazofuata, ikishindikana kuna dirisha la rufaa, ingia kwenye SIPA, ile akaunti yako ya mkopo ya mtandaoni, kila siku usisubiri kuambiwa na watu. Ukipata, pesa ya kula sasa hivi ni 10,000 kwa siku, na wewe unakula kwa mama mdogo, mchangie unga na umeme (mchangie kweli, usijifanye mgeni miaka mitatu), inayobaki weka akiba ya ile mitihani ya NBAA maana nayo ina ada zake. Mlimani haihami. Kuna shahada ya pili, na wengi naowajua waliisoma wakiwa na mshahara, bila kuuza hata mti.

Kazi ngumu ni baba. Umesema ameshatangaza mpaka kwa wenzake wa AMCOS, chama chao cha ushirika, kwamba binti yake anaenda Mlimani, sa wewe ukimwendea peke yako ukamwambia sitaki, atasikia umemdharau au umetishwa na mtu. Usianze wewe. Kwetu kusini mjomba hajafa, na barua yako yote umemtaja mara moja tu, eka mbili zinataka kuuzwa mjomba wa mtoto hajaulizwa? Mwambie mama amwite. Aje jioni, baada ya kula, na wewe uwe na lile daftari lako, lakini safari hii uwe umeandika miaka mitatu, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, upande mmoja Dar upande mwingine Mtwara. Mpe mjomba ndo asome kwa sauti. Baba yako anaongea korosho maisha yake yote, hesabu akiisikia ataielewa kuliko maneno yangu na yako.

Na umwambie hivi, kwa maneno yako: baba, nataka siku nahitimu uje na mikorosho yako ikiwa bado yako.

Leo Jumatatu, mjomba umesema yupo Newala, si mbali. Mama ampigie leoleo, Jumatano muwe mmeshakaa. Ile meseji ya namba ya uthibitisho usimpe mtu, hata huyo rafiki yako anayekwambia "bonyeza tu Mlimani mambo yatajipa", na kabla ya Jumatano usibonyeze chochote. Na huyo mnunuzi asije akaruhusiwa kutoa hata elfu kumi ya kishika uchumba kabla kikao hakijakaa, akishatoa tu itakuwa kesi nyingine.